Mtoto hajikuni lakini analia usiku? Anawashwa huyo

Pole mama wa Ujiji. Umesema mtoto ana miezi mitatu, mashavu yamekauka na usiku halali, bibi yake anasema ni chango kwa sababu hajikuni. Dada, umri huo mikono bado haijui kujikuna vizuri, kwa hiyo angalia anavyosugua uso kwenye shuka au kifuani kwako ukimbeba, anavyojinyonganyonga ukimvua nguo, anavyoachia ziwa ovyo analia. Wangu alikuwa anasugua kisogo mpaka nywele zikaisha nyuma, nikadhani ni kulalia tu kumbe muwasho! Na usisubiri wekundu, kwa ngozi zetu nyeusi mara nyingi hauonekani vizuri, unaona kijivu au weusi zaidi, we pitisha kiganja utasikia mikwaruzo.

Muogeshe maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi basi, sabuni isiyo na manukato, mfute kwa kugusagusa halafu mpake vaselini isiyo na harufu mwili ukiwa bado na unyevu, rudia kumpaka hata mara tatu kwa siku. Kucha fupi, nguo za pamba. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mie sikuona yakimsaidia wangu.

Ila zile krimu za duka la dawa zenye dawa kadhaa ndani yake usiguse bila daktari, nyingine zina steroidi kali, zile dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Akipata homa, usaha, ukoko wa njano au vilengelenge, au akikataa kunyonya, usilale nalo, mpeleke hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.