Folda ipo, ila utafutaji hauioni

Ndugu, umesema ukiandika "harusi" kwenye utafutaji wa maktaba ya picha ya tovuti yako unaletewa picha mbili tu, ilhali folda yenye jina hilo ina mamia. Hazijapotea, na tafadhali usizipakie upya, utajaza nakala mbilimbili. Maktaba nyingi za picha hutafuta kwenye jina la faili, kichwa na maelezo yake; jina la folda halihesabiwi. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiitwa DSC_0412 haina neno "harusi" popote.

Kwanza angalia uko wapi. Ukiwa ndani ya folda fulani, mara nyingi utafutaji unaishia humohumo, kwa hiyo rudi juu kabisa ndipo uandike. Kama mfumo wako unakubali kinyota (alama * inayosimama badala ya herufi zozote), andika *0412* uone. Zikija kadhaa usishangae: kamera ikifika 9999 kwa kawaida huanza tena 0001. Hapo chuja kwa tarehe ya kupigwa.

Lakini dawa yenyewe ni majina. Kwenye kompyuta yako chagua picha zote kwa pamoja, zipe jina kama 2024-08-17_harusi_001 na kuendelea. Mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Nakusihi fanya hivyo kabla ya kupakia, maana kwenye maktaba ya tovuti kubadilisha jina la faili baadaye kunaweza kukata viungo, yaani anwani ambazo ukurasa huitia picha, na ukurasa ukabaki na kisanduku kitupu mahali pa picha. Zilizokwisha kupakiwa ziache na majina yake, uziongezee neno "harusi" kwenye kichwa au maelezo.