"Maongeo ya ng'ombe" na "wadogo wa kondoo": Kiebrania chenyewe kinasemaje?

Mkuu, umeuliza kwa nini Kumbukumbu la Torati 7:13, aya ya baraka, kila Biblia ina lake. Union Version inasema "maongeo ya ng'ombe wako, na wadogo wa kondoo zako", nyingine zinasema makundi. Na je, Wayahudi wenyewe wanajua maana? Nilisoma Kiebrania miaka miwili chuoni, na kabla ya hapo nilichunga mifugo ya baba mkubwa, kwa hiyo swali hili nimelala nalo sana.

Hata wao hawakukubaliana. Neno la upande wa kondoo ni ashterot. Rashi, yule rabi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), anapanga majibu matatu halafu anajiendea zake. Menahem ben Saruq, mtunzi wa kamusi huko Hispania karne ya 10, alisema ni kondoo walio bora, wenye nguvu. Onkelos, kwenye tafsiri ya Kiaramu, akaandika makundi, basi. Marabi wa Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, wakasema kondoo wameitwa hivyo kwa sababu wanamtajirisha mwenye nao, maana kitenzi cha kutajirisha kwa Kiebrania kinafanana nalo kwa sauti.

Hilo la tatu darasani tulilicheka. Kama asili ya neno, kweli ni mchezo wa maneno tu. Wasomi wengi wa leo wanalihusisha na Ashtorethi, mungu wa kike wa uzazi wa Wakanaani. Ila nenda kalisome mahali lilipo, Talmudi, kitabu cha Hulin. Limefuata mara tu baada ya Rabi Yohanan kusema anayetaka utajiri afuge wanyama wadogo, yaani mbuzi na kondoo. Ada yangu ya kidato cha tatu ilitoka kwa mbuzi mmoja wa mabaka aliyezaa pacha mara tatu mfululizo. Nikaacha kucheka.

Ninalolipenda zaidi ni la ng'ombe: sheger. Mzizi wake una maana ya kutuma, kutoa nje. Hadi leo balozi kwa Kiebrania ni shagrir, mtu aliyetumwa. Kwenye Kumbukumbu la Torati Rashi anasema ni ndama ambao jike huwatoa. Lakini kwenye Kutoka 13:12, penye sheria ya wazaliwa wa kwanza, neno hilohilo analisoma kuwa mimba iliyotoka kabla ya wakati, na kwamba nayo inahesabiwa: atakayezaliwa baada yake si mzaliwa wa kwanza tena. Mwenyewe aliona watu watashangaa baraka na hasara zinakaaje kwenye neno moja, akaongeza palepale kwamba hata ndama mzima huitwa sheger, ila aya hii imekuja kufundisha habari ya mimba iliyotoka.

Mwenzangu wa dawati, mtoto wa mjini, aliona Rashi anajikanyaga. Mimi nilimsikia baba mkubwa akitoka zizini alfajiri: "Yule mweupe katupa." Hakuna aliyeuliza katupa nini. Mama akatenga maji ya moto, sisi tukatumwa kufukuza mbwa.

Kwa hiyo "maongeo" si kosa, ila limekaa kama neno la mhasibu. Ningekuwa mimi ningeandika ndama. Kwa kondoo ningewafuata Onkelos, kisha pembeni niweke lile la marabi, kwa ajili ya yule mbuzi wa mabaka.