Maswali na majibu: Chapman, mchuuzi wa Kiingereza cha zamani

Chapman alikuwa mchuuzi au mwizi? (Msomaji, Tanga)

Mchuuzi. Chapman ni neno la zamani la Kiingereza kwa mtu wa kutembeza bidhaa. Swali hili haliishi kurudi, na anayeuliza huwa amemkumbuka Autolycus wa *The Winter's Tale*, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, anayeuza utepe, glavu na nyimbo zilizochapwa huku akiwaibia wanakijiji mikoba. Fungueni mchezo wenyewe kwanza: Shakespeare hakumwita chapman hata mara moja, kamwita pedlar, neno jingine la mchuuzi wa kutembea. Doa lilitoka kwa watunga sheria. Mwaka 1597 Bunge la England liliwaweka wachuuzi wadogo wa kutembea kundi moja na wazururaji, adhabu yao viboko. Ilipofika 1697 wakatakiwa kukata leseni ya pauni 4 kwa mwaka, na pauni 4 nyingine kwa kila mnyama wa kubebea mizigo. Mchuuzi yeyote wa leo anaijua dhuluma ya namna hiyo.

Mbona chapman wa Chaucer, yule mshairi wa England, ni matajiri? (Mwalimu, Iringa)

Kwa sababu katika karne ya 14 neno lilimhusu mfanyabiashara yeyote. Wale wa *The Man of Law's Tale*, hadithi yake mojawapo, ni Wasiria wenye viungo, vitambaa vya dhahabu na atlasi. Tena ndio wanaompelekea Sultani habari za Custance, binti wa kaisari wa Roma.

George Chapman aliyetafsiri tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, naye alichuuza?

Hapana. Ni jina la ukoo.

Vijitabu vya chapman si takataka tu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Neno hilo nalikataa. Karatasi moja huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa kupata kurasa 8, 16 au 24, na juu ikawekwa picha iliyochongwa kwenye ubao. Bei peni moja au mbili. Ndani kuna Jack muuaji wa majitu, Robinson Crusoe aliyefupishwa, utabiri, sala. Kijijini hakuna duka la vitabu. Anayefika ni mtu mwenye furushi mgongoni, sindano na hadithi humo humo. Samuel Pepys, ofisa mkubwa wa jeshi la majini, alivikusanya, na vipo hadi leo katika Chuo cha Magdalene, Cambridge. Maskini wa England walisomea humo. Anayevidharau aniambie amesoma kipi.

Na kazi ile iliua. Katika *Tam o' Shanter*, shairi la Robert Burns wa Scotland la 1791, Tam akiwa amelewa anapita kivukoni ambako chapman alikufa amefukiwa na theluji. Burns kampa mstari mmoja tu. Walimu, msiuruke.

Naweza kumtafsiri kuwa machinga? (Mtafsiri, Dodoma)

Usifanye hivyo. Machinga ni wa Kariakoo na mitaa kama hiyo. Chapman alikanyaga njia za vijijini, umbali wa siku nyingi. Andika mchuuzi. Na acheni kumwongezea "laghai" pale ambapo mwandishi hakuliweka. Nimelikuta kwenye tafsiri nyingi mno, na kila mara ni uzushi wa mtafsiri.