Kifundo cha Mkiani

Swali la gazeti hili wiki hii lilikuwa: "Mnyama aliyepotea akikujia mlangoni, wajibu wako unaanzia wapi na unaishia wapi?" Nimelisoma nikaweka mkasi chini, maana swali hilo ndilo lililonishughulisha masika yote.

Mimi ni mshonaji. Nilihamia Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama wiki mbili kabla ya mvua kuanza, ghorofa ya pili, pamoja na Bi Mkubwa wangu na mwanangu wa kiume aliye darasa la saba. Usiku mmoja mvua inamwagika, tukasikia mlango unakwaruzwa. Mwanangu alipofungua akaingia paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, kalowa chapachapa, mbavu zinahesabika. Hakututazama. Alipita katikati yetu moja kwa moja mpaka dirisha la kusini, pale ninapoweka cherehani, akaruka ukingoni, akajikunja akalala.

Asubuhi nilimpa wali na kipande cha kibua. Alipomaliza akaenda jikoni, akakaa mbele ya pembe tupu ambayo haina kitu ila sakafu, akawa analia huku anaiangalia. Nilidhani kuna panya. Alama zote zilikuwa mbele yangu tangu siku hiyo ya kwanza na sikuzisoma.

Majirani waliniambia neno moja: "Huyo wa mtaani, mpe chakula ataondoka mwenyewe." Ni kweli mji wetu una paka wengi. Ukishuka Malindi wanakoshusha samaki utawakuta wamekaa wanasubiri kama wateja. Lakini paka wa mtaani ukimnyooshea mkono anarudi nyuma, na huyu alijileta mwenyewe kwenye paja langu. Tena manyoya ya shingoni yalikuwa yamelala mduara, kama palipofungwa kitu kwa muda mrefu. Kwa hiyo kwangu wajibu ulianzia pale nilipokataa lile neno la "wa mtaani". Neno hilo linatupumzisha sana, ukishalisema huna tena la kufanya.

Bi Mkubwa alinikumbusha hadithi iliyopokewa na sahaba Zaid bin Khalid. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kitu cha kuokotwa, akaagiza kijulikane chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha kitangazwe mwaka mzima. Akaulizwa juu ya kondoo aliyepotea, akasema ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Akaulizwa juu ya ngamia, akakasirika: una nini naye? Anayo miguu yake na maji yake, mwache mpaka mwenyewe amkute.

"Haya," akasema Bi Mkubwa, "paka wako kondoo au ngamia?"

Nikasema kondoo, kwa mbavu zile. Yeye akasema ngamia. Sitoi fatwa hapa, mimi mshonaji tu, lakini mabishano hayo tulikuwa nayo kila jioni, na nitayarudia.

Kilichonikaa zaidi ni chombo na kamba. Mwenye mali ndiye anayejua mkoba wake ulifungwaje, na anayekuja kudai ataulizwa. Basi nilimpapasa yule paka kutoka masikioni mpaka ncha ya mkia, na huko mwisho kabisa nikakuta kifundo kidogo, mfupa umejipinda chini ya manyoya. Kwa macho hukioni. Nikawakataza wa nyumbani wasimwambie mtu, na picha tuliyosambaza kwenye kikundi cha mtaa nilimpiga kwa mbele, mkia kaukalia.

Kwanza tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Akampitishia kifaa cha kusomea chipu katikati ya mabega. Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele na huwa na namba yenye tarakimu 15. Haimwonyeshi paka alipo, inatoa namba tu, nayo inafaa ikiwa mwenye paka ameiandikisha mahali. Wetu hakuwa nayo. Daktari akasema ni jike mzima na ameshafungwa uzazi, maana yake kuna mtu alitoa pesa yake kwa ajili yake. Nilitoka pale nimepata nguvu.

Mwanangu alitaka tangazo litolewe msikitini. Mwadhini akamwambia ndani hapana, kutangaza kilichopotea ndani ya msikiti kumekatazwa, ila asimame nje barazani watu wakitoka. Akasimama baada ya Magharibi siku tatu mfululizo, mtoto ambaye nyumbani sauti yake huisikii. Nilimwonea fahari mno.

Wakaanza kupiga simu. Kijana mmoja alisema huyo ni dume lake, na mimi nikajua palepale kuwa siye, maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Rangi nyeusi na ya chungwa hubebwa na kromosomu X, na jike ndiye mwenye mbili, kwa hiyo zote zinamtokea. Nilimweleza kwa upole, akashukuru akakata.

Wa pili ndiye aliyeniumiza. Mama mmoja alikuja kwa miguu kutoka Malindi na binti yake wa miaka kama sita. Wao pia walipotelewa na paka wa rangi tatu. Walipanda ngazi mbio, mtoto akaingia akapiga magoti, akamtazama usoni kwa muda, kisha akamgeukia mama yake bila kusema kitu. Nilimuuliza yule mama kuhusu mkia, akasema wa paka wao umenyooka. Hakujaribu kusema vingine, na angeweza. Nikawakalisha, tukanywa chai na mkate wa ufuta, mtoto akala huku mkono mmoja uko mgongoni mwa paka asiye wake.

Siku ya tisa akarudi nyumbani bibi mmoja wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye alikuwa Fuoni kwa mwanawe akiuguzwa mguu. Dirisha lake na langu yanatazamana, ukinyoosha mikono mnaweza kupeana chumvi. Akafungua, akamwona paka karibu na cherehani yangu, akasema, "Mbona huyu karudi?"

Nikamuuliza karudi vipi.

"Si ndipo pake hapo, mwanangu. Kila siku alikuwa akikaa hapo hapo, kabla hujaja wewe."

Wallahi nilikaa chini. Paka hakuwa amenijia mimi, alikwenda kwao. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Ile pembe ya jikoni ndipo palipokuwa na bakuli lake. Wapangaji walionitangulia walikaa miezi minane tu na paka wao hawakumtoa nje, ndiyo maana mtaani hakuna aliyemjua. Mimi nilikuwa namtafuta aliyepotelewa na paka, wala halikunipita kichwani kumuuliza aliyehama.

Dalali aliyenipangisha hakupokea simu, nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, maana anayehama na anayehamia wote hupita kwake. Hakunipa namba ya mtu, na alifanya vyema. Alipiga mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake, akaeleza, kisha akanipa simu. Mama wa upande wa pili hakuweza kusema kwa muda. Nikasikia anavuta pumzi, halafu: "Dada yangu, sisi tumeimaliza Mwanakwerekwe yote."

Walihamia huko kwa ajili ya watoto, wapate ua wa kuchezea. Siku ya tatu mlango ukaachwa wazi, paka akatoka. Walibandika karatasi kwenye maduka, wakatembea usiku na tochi wakimwita, wakampa sheha wa huko taarifa. Kutoka Mwanakwerekwe mpaka Kiponda ni kilomita kama 5, na katikati kuna barabara ambazo mimi mtu mzima navuka kwa kusitasita. Tulipohesabu, ilikuwa siku 22 tangu alipotoka mpaka alipokwaruza mlango wangu. Alipita wapi, Mungu ndiye anayejua. Bi Mkubwa akanitazama tu. Ngamia wake alikuwa na miguu.

Jioni ile ile wakaja, mama na mwanawe wa kike wa miaka kumi, na kikapu kilichofunikwa kanga. Nilijizuia nisimtoe paka chumbani. Nikamuuliza mtoto, "Wako ana alama gani?" Akasema, "Shangazi, ukimpapasa mkia, mwisho kuna kifundo. Anaitwa Kashata." Na kule chumbani, mlango umefungwa, paka aliyesikia ile sauti akaanza kulia kilio ambacho sisi kwa siku tisa hatukuwahi kukisikia.

Niliwaambia niliyoambiwa na daktari, na naomba wasomaji mnaohama myaweke kichwani. Paka hushika mahali. Ukimhamisha, mfungie ndani wiki 2 mpaka 3, alie asilie, ale hapo na alale hapo, mpaka nyumba mpya aione kwake. Akitoka mapema na akapotea, usianze kutafuta mtaa mpya peke yake. Nenda nyumba ya zamani, mwachie namba yako aliyehamia na majirani wa dirishani. Na kama hukuhama, basi paka wako huenda amejibana karibu sana na nyumbani, chini ya ngazi au kwenye gofu la jirani, kimya kwa hofu. Nenda usiku mtaa ukitulia, na tochi, macho yake yatang'aa.

Kashata alifungiwa wiki tatu kamili. Yule mtoto hunitumia picha zake kwa simu ya mama yake, na sasa anakaa dirisha la huko, nalo pia la kusini.

Mama wa Malindi bado hajampata wake. Yeye hakuhama, kwa hiyo mimi na mwanangu tumemzungukia mara mbili usiku, tumefika mpaka Funguni. Ni jike wa rangi tatu, mkia umenyooka, alitoka wiki ya kwanza ya mvua. Msomaji ukimwona usimfukuze, mfungie ndani, mpe maji, kisha andika kwa gazeti na mimi nitafikishiwa. Ana alama moja ambayo mama mwenyewe anaijua na mimi ameniambia. Hapa siiandiki.