Kofia ya Babu wa Peckham

Swali lenu la wiki hii, ni episodi gani ya tamthilia ya zamani ambayo hata ikirudiwa mara mia lazima ukae chini uiangalie, nimelisoma nikiwa kwenye basi narudi toka shifti ya usiku na jibu likanijia kabla sijafika mwisho wa swali. Ni ile ya mazishi ya Babu kwenye Only Fools and Horses. Yenyewe inaitwa Strained Relations, BBC waliirusha tarehe 28 Februari 1985, mi nilikua bado mtoto mdogo kabisa Kisarawe na televisheni sijawahi hata kuiona, lakini leo ukiniamsha usiku wa manane nitakuhadithia mwanzo mpaka mwisho.

Kwa ambao hawaijui niseme kidogo. Ni hadithi ya ndugu wawili wa Peckham, kusini mwa London, mkubwa anaitwa Del na mdogo Rodney, wanakaa kwenye ghorofa la watu wa hali ya chini na babu yao. Hilo ghorofa linaitwa Nelson Mandela House, na kumbukeni tamthilia imeanza Septemba 1981 wakati Mandela mwenyewe bado yuko jela, mi kila nikiliona lile jina mwanzoni nafurahi. Mama yao alikufa Rodney akiwa mdogo, baba akawakimbia, kwahiyo Del ndo amemlea mdogo wake kwa kuuza vitu sokoni, saa, redio, mashati, vingine hata havifanyi kazi, na wanatembea na kigari cha njano cha matairi matatu. Kila siku Del anasema mwakani saa kama hizi tutakua mamilionea. Jina limetoka kwenye usemi wao kwamba wanaofanya kazi ni wajinga na farasi tu. Watu wanaiita vichekesho na ni vichekesho kweli, ila mwandishi wake, John Sullivan, alikua ana tabia moja, anakuchekesha alafu katikati ya kicheko anakupiga ngumi ya tumbo.

Mi nafanya kea, yaani kuhudumia wazee, kwenye nyumba ya wazee hapa Uingereza mwaka wa kumi na tatu huu, na hii tamthilia nimefundishwa na wazee wenyewe. Mchana baada ya chakula inawekwa, manake hairudiwi mara moja wala mbili, na hapo ndo ubishi unaanza. Kuna bibi mmoja yeye ni ile ya Del kuegemea kaunta ya baa bila kujua mhudumu ameshainua kile kipande cha kaunta cha kupitia, anaanguka mzima mzima kama gogo, hiyo ni ya Januari 1989 na karibu kila Mwingereza ukimuuliza atakutajia hiyo. Mwingine anataka ile ya saa ya kale, ya tarehe 29 Desemba 1996, ambayo ndugu wanagundua ile saa iliyokua imetupwa tu gereji kwao ina thamani ya mamilioni, walioiangalia siku ile ni watu milioni 24.3, yaani nchi nzima ilikaa sebuleni. Na wengi, wengi sana, wanaitaka ile ya taa.

Ile ya taa ni ya Desemba 1982. Del amemdanganya bwana mmoja mkubwa mwenye jumba la kifahari kwamba wao ni mafundi wa kusafisha zile taa kubwa za vioo zinazoning'inia darini. Basi Del na Rodney wako juu ya ngazi wametandaza shuka chini ya taa wanaingoja ishuke, Babu yuko ghorofa ya juu anafungua nati, anagonga, wao huku wamejiandaa, kumbe Babu anafungua nati ya taa nyingine. Ile ya pili inashuka yote mpaka chini, pwaaa. Wao bado wameshika shuka lao. Sullivan alisema hiyo stori aliipata toka kwa baba yake mzazi. Sasa naileta hii makusudi, kwasababu watu wakiicheka ile taa wanamcheka nani? Babu. Ndo aliyekua huko juu na nyundo. Mzee mwembamba, hajanyoa vizuri, kofia kichwani hata akiwa ndani kwake mbele ya televisheni, polepole kwenye kila kitu, na ukimuona tu unajua kuna babu kama huyu ulimuona mahali.

Aliyecheza Babu alikua anaitwa Lennard Pearce. Desemba 1984 wakiwa katikati ya kurekodi sizoni ya nne moyo ukamsumbua, akalazwa hospitali, tarehe 15 akafariki. Miaka 69. Sasa hapo wangeweza kufanya wanavyofanya wengi, kutafuta mzee mwingine anayefanana wakamvika ile kofia maisha yakaendelea, au kusema Babu amehamia kwa shangazi. Walikataa. Sullivan akakaa chini akaandika msiba. Yaani Lennard Pearce amefariki katikati ya Desemba na mwisho wa Februari watu wako nyumbani wanaangalia jeneza la Babu linashushwa kaburini, miezi miwili na nusu tu. Kwahiyo mkiwaona David Jason, ndo Del, na Nicholas Lyndhurst, ndo Rodney, wamesimama pale makaburini na makoti meusi, ile sura sio ya kuigiza peke yake, wale watu wamefiwa na mwenzao waliyefanya nae kazi miaka mitatu na kitu. Mi siku nilipoambiwa hivyo niliomba iwekwe tena siku hiyohiyo.

Sasa angalieni Sullivan alichofanya. Mchungaji amemaliza kusoma, watu wametulia, unasikia upepo tu. Ndugu wawili wanaagana na Babu, na ile kofia yake wanaitupia kaburini iende nae. Hapo mi machozi huwa yameshajaa. Wanaondoka taratibu, wanaanza kutoka, mara mchungaji anaangalia huku anaangalia kule anauliza kuna mtu ameona kofia yake? Del na Rodney wanageuka kuangalia kule kaburini. Hawasemi kitu. Wewe uliyekua unalia unajikuta unacheka na kamasi zinatoka, na ukimaliza kucheka unakumbuka Babu bado kafa.

Yule mzee aliyenifundisha kuiangalia, alikua na stendi yake sokoni zamani, kama Del, matunda na mboga, alikua ana kofia yake ya kitambaa cha sufu anaiweka gotini wakati wa televisheni. Kila ikifika pale makaburini alikua ananishika mkono, hata kama nimebeba trei ya chai, ananizuia nisipite, anainua kidole kama mtu anayesikiliza adhana, anangoja mchungaji aulize. Akishauliza ndo ananiachia. Miaka minne tumefanya hivyo, na kila mara alicheka kama ndo mara ya kwanza.

Lakini sio kofia peke yake iliyofanya niichague. Ni kinachofuata. Baada ya mazishi watu wanakula, wanakunywa, wanacheka, na anayeongoza kucheka ni Del. Anamimina vinywaji, anapiga watu mabega, stori. Rodney amekaa pembeni amenuna, anamuangalia kaka yake kwa chuki kabisa, mwisho anamvaa, hivi wewe imekuaje umeshayamaliza mara hii? Na Del anamgeukia. Anamwambia nimemaliza? Mi hata sijaanza. Na sijaanza kwasababu sijui kunaanzwaje. Anamweleza kwamba maisha yake yote yeye ndo mchangamfu, Del hakasiriki, Del haumii, karibu kinywaji, na hakupenda kuwa hivyo ila ilibidi, na amekua hivyo muda mrefu mpaka hajui kuwa mtu mwingine. David Jason anayasema hayo bila kulia, na ndo inauma zaidi. Nimeona waigizaji wakubwa wakipewa tuzo kwa kugaragara chini, hawajafika pale.

Naomba niseme kitu ambacho wale wazee hawawezi kukisema kwasababu kwao hakipo. Sisi kwetu msibani kuna watani. Mi Mzaramo, Wanyamwezi ni watani zetu, na mnajua mtani akija msibani anakuja na kazi. Atazuia jeneza mpaka alipwe, atavaa nguo za marehemu, ataigiza anavyotembea, atamdai marehemu hela yake mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Mfiwa analia, mtani anachekesha, kila mtu na nafasi yake. Del hana mtani. Pale Peckham hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kuchekesha, kwahiyo mfiwa mwenyewe ndo ameichukua ile kazi, mchana kutwa anawachekesha watu kwenye msiba wake mwenyewe alafu mdogo wake anamuona hana huruma. Nikimuangalia Rodney pale simlaumu, manake mi mwenyewe nimeshakua Rodney.

Babu yangu mzaa baba amefariki 2017, mi niko huku, ruhusa nimeomba ofisini sikupewa, na hata ningepewa Waislamu tunazika mapema nisingewahi. Nikatumiwa video WhatsApp. Naifungua kwenye basi, naona mtani, jirani yetu mzee wa Kinyamwezi wa siku nyingi, amevaa kofia ya Babu, ile ya kiua aliyokua anavaa Ijumaa, ameshika na mkongojo wake, anatembea vilevile kama Babu, mguu wa kulia unaburuta kidogo, anaenda mpaka kwa wapishi anadai chai yenye tangawizi nyingi na anasema hivi kwenye nyumba hii mpaka nife ndo mpike? Watu wanacheka hoi. Na katikati naona kaka yangu mkubwa, yeye ndo aliyesimamia kila kitu, anacheka mpaka ameshika mbavu, anabishana na mtani bei ya kuikomboa kofia, elfu tano, hapana elfu kumi, hapana elfu saba na mia tano. Ya mtani nilielewa. Ya kaka sikuielewa. Nikampigia usiku nikamsema maneno mabaya sana, nikamwambia mwenzako mi nalia peke yangu ugenini wewe unacheka na Babu hata udongo haujakauka. Akaniambia sawa mdogo wangu. Basi. Akakata simu, na tukakaa karibu mwaka mzima tunaongea mambo ya hela za matibabu ya mama na ada za watoto tu.

Alafu ndo nikaja kuiona Strained Relations, mzee wangu amenishika mkono, kofia, mchungaji, tunacheka, na baadae Del anasema hajaanza. Nilitoka nje na trei yangu nikakaa kwenye ngazi za jikoni. Kaka ndo aliyemuosha Babu. Ndo aliyetafuta sanda, akaita watu, akahesabu masufuria, akashuka kaburini kumpokea. Angelia saa ngapi?

Nikampigia hapohapo, kwao ilikua jioni. Sikumwelezea habari za tamthilia, nilimwambia tu kaka nisamehe kwa yale ya msibani. Akakaa kimya muda mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Umeshakula?" Nikamwambia bado. Akasema kula kwanza. Alafu akaanza kuongea habari za Babu, saa nzima na dakika, na mahali pengine sauti ilikua inamkwama nikawa nangoja.

Nirudi kwa tamthilia nimalizie, manake episodi haiishii pale. Msibani alikuja mzee mmoja na ndevu nyeupe, Albert, mdogo wake Babu, baharia mstaafu, ameletwa na ndugu wa mbali waliokua wanamuweka, na wale ndugu wakaondoka bila yeye, walikua wanaishi kwenye nyumba ya kukokotwa na wameikokota wakapotea nayo. Del hamtaki kabisa mwanzoni, Rodney nae vilevile, lakini mwisho anabaki. Aliyemcheza ni Buster Merryfield, alikua meneja wa benki kabla hajastaafu akaingia kwenye kuigiza, na alikaa kwenye tamthilia mpaka miaka ya tisini. Nampenda Albert na stori zake za vita, ila naona walifanya vizuri sana kwamba hakuwa Babu mwingine. Kiti kimekaliwa na mtu tofauti, na mwenye kofia yake amezikwa mbele ya macho yetu.

Mzee wangu wa sokoni ametangulia nae, mwaka juzi. Familia yake walikuja kuchukua vitu, binti yake akaniuliza kama kuna kitu nataka, nikamwambia hapana, ila kofia asiisahau, iko chini ya mto.

Na ile ya Babu wa Kisarawe ipo. Kaka aliikomboa kwa elfu saba na mia tano. Nilipoenda likizo nikaikuta imetundikwa kwenye msumari sebuleni, juu kidogo ya saa ya ukutani, na shemeji akaniambia kila Alhamisi jioni kaka anaifua kwa mkono mwenyewe, hataki mtu amsaidie, anaivalisha kwenye bakuli la udongo lililopinduliwa isipoteze umbo, Ijumaa asubuhi anairudisha msumarini. Haivai. Nilimuuliza kwanini haivai, akasema haimtoshi.