Kompyuta ya mezani ivutie waya

Wengi wetu tukishalipia intaneti ya nyumbani humwachia fundi aamue ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti, ikae wapi. Fundi naye ana nyumba nyengine zinamsubiri. Ataitundika pale pale waya ulipoingilia, jirani na mlango wa nje, ajaribu kwa simu yake, aone video inacheza, aage. Simu haina tabu, unatembea nayo ukalifuata Wi-Fi lilipo. Kompyuta ya mezani haitembei. Kwa hivyo kabla hajapanda ngazi, muoneshe meza ilipo na umwambie ruta unaitaka hapo. Akisema haiwezekani, basi waya wa netiweki uvutwe kutoka kwenye ruta mpaka mezani.

Nakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene kiasi kwamba mtoto hulala kwenye dirisha. Kuta hizi zinameza mawimbi. Wi-Fi la 5 GHz, lile la kasi, likipita ukuta mmoja limeshachoka. La 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, ila ni la polepole na linagombania nafasi na ruta za kichochoro kizima. Mwenye fleti Michenzani asicheke, zege nalo linazuia. Halafu kompyuta nyingi za mezani, khasa zile zilizotumika tunazonunua, hazina kifaa cha Wi-Fi ndani. Watu hununua kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, wakakichomeka nyuma ya boksi, chini ya meza, kati ya bati na ukuta, kisha wakalaumu kampuni.

Waya unamaliza maneno yote hayo. Ulizia waya wa netiweki wa aina ya Cat5e au Cat6; Cat5e inabeba mpaka gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, na sijaona nyumba Unguja inayohitaji zaidi. Usikose kuuliza kama ni shaba tupu. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, rahisi kwa bei, lakini hukatika ukizikunja, na kwa unyevu na chumvi ya hewa yetu sizitaki. Ndani mna nyuzi nane. Uzi mmoja ukiwa haukushika vizuri kwenye kichwa cha kuchomekea, mara nyingi laini itateremka mpaka megabiti 100 au isiwake kabisa, kwa hivyo fundi akishabana kichwa aupime waya mbele yako.

Njia ya kupitishia ndiyo kazi. Ukuta wa chokaa ukiutoboa kwa pupa unamwagika, utafungua tundu la kidole upate la ngumi. Mimi nimeufuatisha waya juu, pembeni ya boriti, ukashukia kwenye fremu ya mlango. Kutoboa upande wa nje ni shauri jengine: Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukitaka kuuchokoa uso wa nyumba waulize kwanza Mamlaka ya Hifadhi.

Kuunganisha kwenyewe ni dakika chache. Kichwa kimoja kwenye tundu la ruta lililoandikwa LAN, si lile la peke yake la WAN ambalo ni la waya wa kampuni, kingine nyuma ya kompyuta. Vitaa viwake. Windows hujipatia yenyewe anwani ya netiweki, ile namba ya kuitambulisha kompyuta, kutoka kwenye ruta. Ukiona anwani inaanza na 169.254, ujue kompyuta haikuipata ruta. Tazama waya kwanza, kisha zima na uwashe ruta.

Kama kifurushi chako kina kikomo, kuna jambo halisemwi. Kompyuta ikiona waya inadhani intaneti ni ya bure, itashusha masasisho makubwa usiku kucha na asubuhi bando limekwisha. Nenda kwenye mipangilio ya netiweki ya Windows, uiambie laini hii inapimwa (metered connection). Na nywila ya kuingilia kwenye ruta, ile iliyobandikwa chini yake, badilisha siku hiyo hiyo. Ya Wi-Fi pia, maana ikishafika barazani imeshafika mtaa mzima.

Umeme je? Sisi tuliokaa kizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hatuhitaji kuelezwa. Lakini kinachoua ruta si kukatika, ni kule kurudi kwa kishindo. Weka stabilaiza, au UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Ruta nyingi ni za volti 12, ila soma kibandiko, zipo za 9. Kompyuta nayo ipate UPS yake, angalau uhifadhi kazi na kuizima kwa utaratibu.

Ikiwa bado ni polepole, pima kasi kwa waya, vifaa vyengine vyote vikiwa vimezimwa, mchana na tena usiku. Kumbuka kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti: megabiti nane ndiyo megabaiti moja, kwa hivyo megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, usitarajie 20 unapopakua filamu. Andika namba na saa, kisha ndiyo upige simu kwa kampuni. Mhudumu atakwambia zima ruta uwashe. Mwambie umeshafanya, umepima kwa waya, na umsomee namba zako.