Kupima mapafu: je, kozi ya mtandaoni inatosha?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mtarajali hapa Mbeya. Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya kupima mapafu na cheti ninacho. Spirometa, ile mashine ya kupima pumzi, ipo kabatini wodini. Je, naweza kuanza kupima wagonjwa?

Jibu: Hongera, ndugu, lakini bado kidogo. Kozi imekufundisha kusoma mchoro. Kumfanya mzee aliyetoka Tukuyu apulize mpaka hewa imwishe ni kazi nyingine, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika.

Anza na mashine. Kila siku ya kupima, sukuma hewa ya sirinji ya lita 3 mara tatu: haraka, wastani, polepole. Kila mara isome kati ya lita 2.91 na 3.09. Isipofika hapo, tafuta kwanza mvujo kwenye maungio.

Kisha ingiza joto halisi la chumba. Hewa ya mapafuni ina takriban nyuzi 37, nayo husinyaa ikipoa. Mashine hurekebisha hesabu kwa joto uliloandika. Mwezi wa 7, chumba kikiwa na nyuzi 15 huku mashine ikisoma 25, kosa hilo pekee laweza kushusha matokeo kwa karibu asilimia 5. Mashine iliyotoka stoo yenye baridi iache izoee chumba kwanza. Mgandamizo wa hewa nao uandike wa Mbeya, karibu hektopaskali 830, kwa kuwa mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiuchukue kwenye programu ya hali ya hewa ya simu: mara nyingi namba yake imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari, ndiyo maana utaona elfu moja na kitu.

Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Kwa wachimbaji wa Chunya usilegeze hata kidogo, maana vumbi la mawe na kifua kikuu huandamana. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki moja asipulize.

Urefu upime bila viatu, usiulize. Akae wima, nyayo sakafuni, kibanio puani. Mwambie: vuta hewa yote, ziba midomo vizuri, puliza kwa kishindo! Halafu usinyamaze: endelea, endelea, endelea. Akianza kwa kusitasita, au akikohoa katika sekunde ya kwanza, FEV1 (hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza) haifai. Akikatisha mapema, hatari ni kubwa zaidi: FVC (hewa yote iliyopulizwa) inakuwa ndogo, uwiano wa FEV1 kwa FVC unapanda, na mwenye njia za hewa zilizobana anaonekana mzima. Mpulizo umekamilika mchoro unapolala, yaani hewa isiyozidi mililita 25 katika sekunde ya mwisho, au akifikisha sekunde 15. Tafuta mipulizo mitatu mizuri. Miwili mikubwa isipishane zaidi ya mililita 150, kwa FEV1 na kwa FVC. Kwa mtu mzima, ukifika mpulizo wa 8 acha.

Ushauri wangu: pima wenzako kumi walio wazima kabla ya mgonjwa yeyote. Hifadhi michoro yote, hata iliyoharibika, futa majina, mtumie mkufunzi aikosoe. Kozi isiyokuwa na mtu wa kukosoa michoro yako haijakamilika, hata cheti kiwe kizuri namna gani.

Swali: Fundi wa kiwanda cha mbao Mafinga ana FEV1 ya asilimia 78 ya inayotarajiwa. Je, anaumwa? (Daktari, Iringa)

Jibu: Asilimia hiyo peke yake haitoshi, kwani kikomo cha 80 huwaonea hasa wazee. Tazama alama ya z, yaani umbali wa kipimo chake kutoka wastani wa wenye afya wanaofanana naye: chini ya −1.645 ndiyo iko nje ya kawaida. Angalia pia mashine inatumia milinganyo ipi kukadiria kipimo kinachotarajiwa. GLI (milinganyo ya kimataifa ya mapafu) ya 2012 inakulazimisha kuchagua kundi la asili ya mtu, na uchaguzi huo hubadilisha jibu; GLI Global ya 2022 haina makundi. Uliyotumia iandike kwenye ripoti, ili atakayempima mwakani asilinganishe vitu viwili tofauti.

Kama uwiano wa FEV1 kwa FVC ni mdogo, mpe salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) mikrogramu 400 kwa spesa (chombo cha kuvutia dawa), yaani minyunyizo 4 ya mikrogramu 100, mmoja baada ya mwingine. Subiri dakika 15, kisha rudia mipulizo yote mitatu, siyo mmoja.